Jerikeni za mafuta na mitungi ya maji garini: dalili, chanzo na tiba yake

Jerikeni ikivuja, wengi hununua nyingine. Baada ya safari mbili mpya nayo inavuja, tena mahali palepale. Chombo hakina kosa. Kosa liko pale kinapokaa: fremu iliyolegea, mkanda uliooza kwa jua, bolti iliyoliwa na chumvi, au mtu aliyekijaza kupita kiasi. Kwa hiyo kila dalili iliyoelezwa hapa chini ianzwe kutafutwa kwenye makao ya chombo kabla ya chombo chenyewe.

Hapa tutaita jerikeni ile ya chuma ya lita 20 ya kubebea petroli au dizeli, yenye vishikio vitatu juu na kifuniko cha kubana kwa mkono wa chuma. Mtungi ni ule wa plastiki wa maji, nao ni wa lita 20. Ule wa manjano uliokuja na mafuta ya kupikia unafaa kwa maji ukiwa umeoshwa sawasawa. Kwa petroli haufai hata kwa safari fupi ya kutoka Nyali hadi Mtwapa, hapa pwani ya Kenya: plastiki yake hulainika, kifuniko hakizibi mvuke, na harufu hupenya kwenye ukuta wake.

Shika hesabu ya uzito kwanza, maana itarudi tena na tena. Lita 20 za petroli ni takriban kilo 15, za dizeli kama kilo 17, za maji kilo 20. Jerikeni ya chuma yenyewe ni kilo 4 na kidogo. Jerikeni mbili za dizeli na mitungi miwili ya maji ni zaidi ya kilo 80, yaani mtu mzima mnene anayeruka juu na chini kwenye kila shimo.

Harufu ya petroli ndani ya gari

Uliza kwanza: inanukia lini? Jibu linafupisha kazi.

Ikinukia mchana tu, gari likiwa juani, chanzo ni joto na ujazo. Petroli iliyojazwa alfajiri ikiwa na nyuzi 25, kisha ikapata joto la nyuzi 50 juu ya keria (fremu ya mizigo ya paani), hutanuka karibu nusu lita katika jerikeni ya lita 20. Nusu lita hiyo lazima ipate pa kwenda. Jerikeni ya chuma imeumbwa na nafasi yake ya hewa: mdomo uko chini kidogo kuliko mgongo wenye vishikio, kwa hiyo ukiijaza imesimama wima hadi mafuta yafike mdomoni, hewa hubaki yenyewe mgongoni. Wanaoharibu ni wale wanaoiinamisha nyuma ili "iingie kidogo tena". Hapo umeijaza ile nafasi ya hewa, na mafuta yakitanuka yatajipitishia kwenye mpira wa kifuniko. Tiba ni kupunguza lita moja na kuacha tabia ya kuinamisha.

Ikinukia tu gari linapoinama, kwa mfano kwenye mteremko wa kuingia feri ya Likoni wakati wa maji kupwa, ambapo njia huwa mkali kuliko wakati wa maji kujaa, mafuta yanafika mdomoni na mpira hauzibi vizuri. Jerikeni imesimama sawa, haivuji. Ikilala kidogo, inatoa jasho. Angalia pia imeelekezwa wapi. Mdomo uelekee upande wa juu wa mteremko unaokutana nao mara nyingi, au fremu igeuzwe.

Ikinukia muda wote, hata usiku gari likiwa limepoa, shughulika na mpira wa kifuniko. Jaribio lake ni rahisi. Paka chaki kwenye ukingo wa mdomo, funga kifuniko kwa nguvu yake ya kawaida, kisha fungua. Alama ya chaki kwenye mpira inatakiwa kuwa duara kamili. Ikikatika mahali, ama ukingo umebonyea, ama mpira umeshuka upande mmoja, ama mkono wa kubana umelegea. Mkono mzuri husumbua kidogo kidole gumba kuufunga. Ukifungika kama mlango wa kabati, haubani.

Halafu fanya jaribio la pili. Tia lita mbili za mafuta, funga, ilaze jerikeni mdomo ukielekea chini juu ya kadibodi kavu, kivulini na hewani, mbali na jiko na sigara. Subiri dakika 10. Doa kwenye kadibodi litakuonyesha upande hasa.

Mpira mpya uwe wa aina inayovumilia mafuta, yaani ule wa naitraili. Usikubali fundi akukatie mpira kutoka tyubu ya baiskeli au ya tairi. Utaziba vizuri sana siku ya kwanza. Baada ya siku chache petroli itaufanya uvimbe na kuwa laini kama ubani uliotafunwa, na utauvuta kwa vidole vipande vipande. Nunua miwili, wa pili ukae kwenye boksi la vifaa.

Kuna jambo moja ambalo halitibiwi na mpira wowote: kubeba petroli ndani, pamoja na abiria. Hata jerikeni nzima hupumua kidogo ifunguliwapo, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini, miguuni, karibu na nyaya na swichi za viti. Dizeli ina afadhali kwa moto, ingawa harufu yake ikiingia kwenye zulia itakaa hadi uliuze gari.

Jerikeni imevimba, au imebonyea ndani

Hii huogopesha, na mara nyingi si ugonjwa.

Kuvimba kuna sababu mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni mvuke: petroli huanza kutoa mvuke mwingi hata kabla ya nyuzi 40, na chuma cheusi juani wakati wa kaskazi hupita hapo kwa urahisi. Ya pili ni mwinuko. Ukiifunga jerikeni Mombasa, usawa wa bahari, kisha ukapanda Taita hadi Wundanyi, ambako ni zaidi ya mita 1,300 juu, hewa ya nje inapungua nguvu wakati ya ndani imebaki ileile. Uso mpana wa jerikeni ni takriban sentimita 47 kwa 35. Tofauti hiyo ya mwinuko peke yake inaweza kuusukuma uso huo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 250. Chuma lazima kitoe mgongo.

Kubonyea ni safari hiyohiyo kinyumenyume: imefungwa Wundanyi ikiwa nusu tupu, ikashuka pwani. Mitungi ya plastiki huonyesha hivyo zaidi kwa sababu ukuta wake ni laini.

Tiba ya zote mbili ni kupumua. Simama, zima injini, toa jerikeni kwenye fremu, iweke chini kivulini, subiri ipoe, kisha legeza kifuniko kidogokidogo ukiwa umegeuza uso pembeni na kitambaa juu ya mdomo. Jerikeni nyingi za chuma zina pini au kituo cha kwanza kwenye mkono wa kubana, kazi yake ni hiyo: kutoa pumzi kabla ya kufunguka wote. Ukiifyatua kwa haraka juani, petroli itakurukia machoni.

Kama imevimba hadi haitoki kwenye fremu, usiipige nyundo. Mwagia fremu maji ya baridi, ngoja robo saa. Na ukirudi nyumbani tengeneza fremu yenye nafasi ya milimita 5 kila upande, ikajazwa kwa mpira. Fremu inayobana chuma kwa chuma haiachi nafasi ya kuvimba, na hapo ndipo mshono wa jerikeni unapochanika.

Kugonga, na nyufa kwenye keria

Ukisikia gwa-gwa-gwa nyuma, usiongeze sauti ya redio. Mlio huo ni wa chuma kinachokatika polepole.

Kwenye lami hadi Mariakani hutaona lolote. Shida huanza kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, kama zile za ndani ya Tsavo Mashariki. Hapo gari hupata mitikisiko midogo mamia kwa dakika, na kila kilicho na nafasi ya milimita mbili kinakuwa nyundo. Shimo la ghafla linaongezea lake: wajenzi wa fremu hukadiria kwamba mzigo unaweza kushuka kwa nguvu ya mara tatu ya uzito wake. Jerikeni ya dizeli ya kilo 21 inagonga kama kilo 60.

Jaribio la mkono: ishike jerikeni juu, kwenye kishikio cha kati, uitikise kwa nguvu. Gari lote linatakiwa litikisike pamoja nayo. Jerikeni ikicheza peke yake, kaza mkanda au ongeza mpira. Jerikeni na fremu zikicheza pamoja, bolti zimelegea. Fremu imetulia lakini keria inacheza, shida iko kwenye miguu ya keria. Mlango wa nyuma wote ukicheza, soma aya ya bawaba hapo chini.

Mkanda uwe wa racheti, upana wa milimita 25 au zaidi, upite juu ya jerikeni na mwingine uizungushe kiunoni. Kamba za mpira zenye ndoano, zile za kufungia mizigo kwenye bodaboda, hazifai hapa. Zinavutika, na kinachovutika kinaruhusu kuruka. Mkanda uliopauka na kuwa na manyoya umekwisha, hata kama unaonekana mnene. Simama baada ya kilomita 20 za kwanza za vumbi ukaze tena, maana kila kitu huwa kimejikalia upya, na mitungi ya plastiki huwa imelainika kwa joto.

Chini na pembeni mwa jerikeni weka mpira wa milimita 3 hadi 5. Vipande vya mkanda wa konveya, ule wa mpira mgumu wa kusogezea mizigo kiwandani, ni bora kuliko zulia. Zulia hunywa maji ya chumvi na kuyashika hapohapo. Ubaya wake utauona katika sehemu inayofuata.

Sasa nyufa. Ufa una lugha yake, usome kabla ya kuuziba.

Ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti unasema bolti ililegea kwanza, fremu ikaanza kucheza, tundu likawa yai, kisha likachanika. Kuchomelea peke yake hakusaidii. Weka bati la milimita 3 nyuma ya tundu, kubwa kama kiganja, toboa upya, tumia bolti ya M8 ya daraja 8.8 na nati yenye plastiki ndani, ile isiyolegea kwa mtikisiko. Springi washa za bei rahisi kwenye mtikisiko wa namna hii ni pambo.

Ufa unaofuata ukingo wa mchomeleo, na una mstari mwembamba wa kutu, ni uchovu wa chuma. Umekuwepo muda mrefu. Usaguliwe kwa mashine hadi uonekane mfereji wenye umbo la V, uchomelewe kujaza mfereji, kisha iongezwe pembetatu ya bati kwenye kona ili nguvu isikusanyike palepale. Fundi akipitisha mchomeleo juu ya ufa bila kusagua, utarudi kwake kabla ya mwezi.

Fremu iliyopinda bila ufa imebebeshwa kupita uwezo. Hiyo hainyooshwi, ipunguziwe mzigo au ijengwe upya.

Kabla ya fundi kuwasha mashine ya kuchomelea: jerikeni zote, zilizojaa na tupu, ziondolewe ziwekwe mbali, na waya hasi wa betri ufunguliwe ili umeme wa mashine usipite kwenye kompyuta ya gari. Tupu ndiyo hatari zaidi. Iliyojaa ina mafuta mengi na hewa kidogo. Tupu ina mvuke na hewa kwa kipimo ambacho cheche moja inatosha. Kwa sababu hiyohiyo, jerikeni ya mafuta haichomelewi kamwe, hata "nimeiosha kwa omo". Ikitoboka, itupe.

Bawaba za mlango wa nyuma. Magari mengi kama Prado hubeba spea kwenye mlango huo tayari. Ukiongeza jerikeni mbili, umening'iniza zaidi ya kilo 40, pamoja na fremu. Fungua mlango hadi katikati, shika ncha yake, nyanyua. Ukisikia mchezo, au ulimi wa kufuli umeanza kukwaruza upande wa juu wa kipokezi chake, bawaba zimekwisha kuliwa. Kurekebisha kipokezi ni kuficha. Hamisha jerikeni kwenye mkono wa pekee unaobebwa na bampa ya nyuma yenye beringi yake, ambao uzito wake unashuka kwenye chasisi.

Tundu dogo chini ya jerikeni au mtungi

Matundu ya chini ni ya namna mbili, na ni rahisi kuyatofautisha ukiligeuza chombo.

La kusuguliwa linang'aa pembeni, na mara nyingi lina mwenzake upande wa pili. Mchanga ulioingia kati ya fremu na chombo ulifanya kazi ya msasa. Hapa mkanda ulikuwa umelegea, au kichwa cha bolti kimejitokeza ndani ya fremu. Geuza bolti ili kichwa cha duara kiwe ndani na nati nje.

La kutu limezungukwa na mapovu ya rangi. Kwa sisi wa pwani hili ndilo la kawaida zaidi. Upepo wa baharini huleta chumvi hata kwa gari lisiloingia mchangani, na kama umepita ufukweni Diani, chumvi hiyo imekaa kwenye trei ya fremu pamoja na mchanga na maji. Trei isiyo na matundu ya kutolea maji ni beseni. Toboa matundu manne ya milimita 10 kwenye kona, na mpira wa chini uutoboe vilevile. Kila baada ya kutoka baharini, toa jerikeni, osha trei kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha vikauke mbalimbali. Rangi ikibanduka, sagua hadi chuma cheupe, paka rangi ya kwanza yenye zinki, kisha ya juu. Kupaka juu ya kutu ni kuipa shuka.

Ukiwa njiani na tundu la jerikeni linadondosha, chukua sabuni ya kipande kavu, isugue kwa nguvu kwenye tundu hadi lizibe. Petroli haiyeyushi sabuni kirahisi. Ni tiba ya saa chache tu: mimina mafuta kwenye tanki mara litakapopokea, jerikeni ibaki imefungwa, ikatupwe.

Mtungi wa maji uliotoboka unaweza kurudi kazini. Gundi haishiki kwenye plastiki ya aina hii, hata ile ya kuchanganya vichupa viwili. Itabanduka kama gamba. Kata kipande kutoka mtungi kuukuu wa aina ileile, pasha bisibisi bapa, yeyusha ukingo wa tundu na kipande pamoja, vichanganye kama unavyopaka siagi. Kisha ujaze maji uache usiku kucha juu ya sakafu kavu.

Gari linayumba, au usukani umekuwa mwepesi

Kuyumba kwenye kona ni uzito wa juu. Usukani mwepesi ni uzito wa nyuma ya ekseli ya nyuma.

Hesabu yake: chukua gari ambalo umbali kati ya ekseli zake ni mita 2.79, kama Prado ya kawaida. Weka kilo 45 kwenye fremu iliyo mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 16 hivi, na ya nyuma inabebeshwa si 45 bali 61. Ongeza spea, ongeza boksi la baridi lililojaa samaki kutoka Malindi, na taa zako usiku zitakuwa zinamulika minazi.

Juu ya keria, kisome kitabu cha gari. Kiwango cha paa huandikwa humo, na ndani yake uzito wa keria yenyewe umo. Magari mengi hayafiki kilo 100. Keria ya chuma inayotengenezwa jua kali inaweza kula nusu ya kiwango hicho kabla hujapakia kitu. Maji hayana sababu ya kukaa juu: yawekwe ndani, sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma, yamefungwa kwenye pete za chasisi. Hayanuki, hayawaki, na ndiyo mazito kuliko yote.

Petroli ndiyo inayoleta ugomvi. Ndani hapana, juu mzigo unapanda, nyuma ndiko lori litakakogonga kwanza. Kwenye barabara ya Mombasa hadi Voi, ambako malori yanakaa mgongoni mwako kutwa, ushauri wetu ni mmoja: nenda na jerikeni tupu, iliyofungwa, ujaze Voi kabla ya kuingia porini. Ni kilomita 150 na kitu za lami zenye vituo vya mafuta. Hakuna unachookoa kwa kubeba petroli ya nyumbani. Ukishaingia vumbini, usingoje tanki likauke. Mara tanki likiwa na nafasi ya lita 20, mimina jerikeni moja. Uzito umeshuka, na jerikeni iliyojaa nusu, ambayo hupiga kuta zake kwa mawimbi, hujawa nayo.

Injini inakohoa baada ya kumimina mafuta ya akiba

Ikiwa ilikuwa nzima hadi ukamimina, mtuhumiwa unamjua. Usiendelee kuwasha kwa nguvu.

Toa kikombe cha mafuta yaliyobaki chini ya jerikeni, weka kwenye chupa ya kioo safi, acha dakika 10. Maji yatakaa chini kama jicho la kioo, mafuta juu. Chembe za kahawia ni kutu ya ndani. Ute mweusi au wa kijivu kati ya maji na dizeli ni vijidudu vinavyoishi pale dizeli inapokutana na maji, na ndivyo vinavyoziba filta.

Maji yametoka wapi? Mara chache ni kituo cha mafuta. Mara nyingi ni hewa yetu yenye unyevu. Jerikeni iliyojaa nusu inavuta hewa ya usiku, unyevu unaganda ukutani, unashuka chini, na kesho tena. Kwa hiyo hifadhi jerikeni ikiwa imejaa kwa kiwango chake au ikiwa kavu kabisa na imefungwa, nusu-nusu hapana. Andika tarehe ya kujaza kwa rangi. Petroli iliyokaa miezi sita kwenye joto la hapa imeshapoteza sehemu zake nyepesi, na gari litawaka kwa shida asubuhi. Imimine kwenye tanki kila miezi mitatu ujaze mpya.

Kwenye dizeli, fungua koki iliyo chini ya filta, toa hadi itoke dizeli tupu. Kwenye petroli, maji kidogo yakichanganyika na tanki lililojaa hupita. Mengi yanahitaji tanki lishushwe. Safari ijayo, jerikeni itulie wima nusu saa kabla ya kumimina, tumia faneli yenye chujio laini, na glasi ya mwisho usiimimine.

Na andika PETROLI au DIZELI kwa herufi kubwa pande zote mbili. Rangi ya jerikeni peke yake haiaminiki, hasa usiku, hasa mtu aliyeazimwa gari akimimina.

Mafuta yanatoka kwa kudunda, yanamwagika

Jerikeni inanyonya hewa kupitia mdomo uleule unaotoa mafuta, ndiyo maana inafanya glu-glu na kukumwagia miguuni. Tumia kimiminio chenye bomba dogo la hewa ndani yake, na uhakikishe bomba hilo halijaziba kwa vumbi au nyumba ya nyigu. Kwa mtungi wa plastiki wenye mdomo wa pembeni, shika mdomo ukiwa upande wa juu unapoinamisha, hewa itaingia juu ya maji.

Kama mgongo haukuruhusu kushikilia kilo 20 hewani, tumia mpira wa milimita 15 wenye goroli ya kutikisa. Jerikeni iwe juu ya boneti au keria, tikisa mara kumi, mafuta yatajipeleka. Lita 20 huchukua dakika chache. Usinyonye kwa mdomo. Petroli ikiingia mapafuni, hata kidogo, ni safari ya hospitali.

Unapojaza kituoni, jerikeni iwekwe chini kwenye sakafu, si juu ya plastiki ya nyuma ya pikapu, na ncha ya bomba iguse ukingo wa mdomo muda wote. Umeme wa msuguano unahitaji njia ya kwenda ardhini. Ukiikosa, unatafuta cheche.

Maji yananuka, ni ya kijani, au yana ladha

Ladha ya petroli: mtungi ulikaa karibu na jerikeni. Mvuke wa petroli hupenya plastiki hata vifuniko vikiwa vimefungwa. Maji upande mmoja wa gari, mafuta upande mwingine. Mtungi uliowahi kubeba petroli au dizeli haurudi kwenye maji, hata ukiulowesha wiki nzima.

Kijani: mwanga. Mtungi unaopitisha nuru ni shamba la mwani. Ufunike kwa turubai au utumie wa rangi nzito. Kuusafisha, tia kokoto ndogo safi na lita mbili za maji, tikisa hadi utelezi utoke, suuza. Kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini isiyo na manukato kwa kila lita ya maji, zungusha ndani kote pamoja na kifuniko, mwaga, anika.

Madoa meupe na ladha ya magadi: ni maji ya kisima. Miamba ya matumbawe iliyo chini yetu hutoa maji magumu, na karibu na bahari yana chumvi. Klorini haiondoi chumvi. Siki huondoa madoa, lakini isikutane na klorini hata kidogo, maana hutoa gesi ya sumu. Suuza mara tatu kati ya moja na nyingine. Kwa safari, jaza ya bomba, na kama umeyanunua kwa mkokoteni na hujui yalikotoka, tia mililita 2 za klorini ya asilimia 5 hadi 6, kama matone 40, kwa lita 20, ukingoje nusu saa.

Maji yakipungua bila kuona tone, tazama bomba dogo la plastiki lililofungwa kwenye mtungi. Hukatika shingoni kwa mtikisiko, ufa mwembamba kama unywele, na maji hukauka kabla hayajafika chini. Lifungue, weka kifuniko kizima wakati wa kusafiri, ulirudishe ukishapiga hema.